Jinsi ya Kuyahoji Maji ya Rufiji Mpaka Yawataje Wenzake

Mwongozo huu ni wa yule aliyefika gatini Nyamisati na mzigo wake kichwani, akaambiwa chombo hakiondoki mpaka maji yajae, na badala ya kununa akajiuliza: yanajaa kwa amri ya nani? Ni wa mwanafunzi wa uhandisi pia, aliyeonyeshwa transfomu ya Fourier ubaoni, akainakili bila kukosea hata alama moja, akafaulu mtihani, na mpaka leo hajui ile hesabu ilikuwa inauliza nini. Hawa wawili wana shida moja, na dawa yao iko kwenye delta ya Rufiji.

Kwanza mjue mshukiwa. Maji ya delta hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini hayashiki saa. Kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wala hayajai sawasawa. Siku za bamvua kubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na mikoko ya pembeni huzama mpaka matawini. Baada ya wiki ni maji mafu: tofauti imeshuka hadi kama mita moja, na mwenye mashua iliyokwama juu ya fungu hana la kufanya ila kusubiri.

Ukimkuta mzee gatini, mwamkie kwanza. Shikamoo, mzee. Marahaba, mwanangu. Kisha muulize bamvua ni lini. Hataitazama bahari kabisa. Atahesabu siku za mwezi kwa vidole na kukujibu, naye hatakosea. Anajua kwamba bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpya, na tena baada ya mwezi mpevu. Usiidharau hesabu hiyo. Ndiyo nusu ya somo, na mzee ameimaliza bila chaki.

Nusu ya pili ni hii. Maji unayoyaona hayatendi peke yake. Nyuma yake wamo washiriki wengi. Yumo mwezi, ambaye hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Limo jua, saa 12 kamili. Mwezi tena, kwa sababu njia yake si duara kamili na siku nyingine hutukaribia zaidi, una mshiriki wake wa pembeni mwenye kipindi cha saa 12 na dakika 40. Wamo wa mara moja kwa siku, ambao katika pwani yetu ni wadogo. Kila mmoja hupanda na kushuka kwa mpango wake usiobadilika, na kimo cha maji ni jumla yao wote. Kazi yako ni kuyahoji maji mpaka yamtaje kila mmoja, nguvu zake, na saa aliyofika.

Anza na kituo cha mahojiano. Tafuta sehemu ya gati ambayo hata maji yakipwa kabisa haikauki. Simamisha boriti ndefu, mita sita si nyingi, na uipige mistari ya rangi kila sentimita kumi. Usiende kuukata mkoko kwa ajili hiyo. Msitu wa mikoko wa delta hii ndio mkubwa kuliko wote ulioungana katika Afrika Mashariki, na ukataji wake unahitaji kibali. Boriti ya zamani iliyobaki kwenye ujenzi inatosha.

Sasa utagundua kwamba maji hayatulii. Upepo unayatikisa, mashua ikipita inayatikisa, na kwenye boriti huoni kama ni mstari wa nane au wa kumi. Hapa ndipo mwanafunzi atakapokutana na chujio lake la kwanza, na halina umeme. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, lile la mafundi wa vyoo. Lizibe chini, kisha litoboe tundu moja dogo ubavuni, karibu na chini lakini juu ya tope. Kipenyo cha tundu kiwe kama sehemu ya kumi ya kipenyo cha bomba, yaani sentimita moja hivi. Lifunge kwenye boriti likiwa wima, na ndani uweke chelezo chenye kijiti kinachochungulia juu. Wimbi la upepo linaishi sekunde chache. Kabla maji hayajapenya tunduni limekwisha pita, na ndani chelezo hakijui kama kulikuwa na jambo. Kujaa kwa maji kunachukua saa sita. Kuna nafasi tele ya kupenya, na chelezo kinapanda pamoja na bahari. Bomba limeruhusu yaendayo taratibu na kuyazuia yaendayo haraka. Chujio lolote la kwenye simu yako au redio linafanya uchaguzi wa namna hii, na ukilielewa bomba hili umeyaelewa yote. Ila lisafishe mara kwa mara, kwa sababu Rufiji inaleta tope na tundu likiziba utakuwa unapima kimo cha maji ya jana.

Soma kila saa, usiku na mchana. Najua usiku ni mzito. Gawaneni zamu na ndugu na majirani, lakini msiruke. Na kwa vyovyote usijiambie kwamba utasoma mara moja tu kwa siku, saa sita mchana, kwa kuwa ndiyo saa unayopita. Ukifanya hivyo, maji yatakudanganya, na tena yatakudanganya kwa ustadi. Mshiriki wa jua, ambaye hurudi kila saa 12, utamkuta kila siku mahali pale pale, na utaapa kwamba hayupo. Mwezi, ambao kwa kweli unapanda na kushuka karibu mara mbili kwa siku, utauona ukipanda na kushuka polepole, mara moja kwa siku kama 15. Daftari lako litakuwa na wimbi la nusu mwezi ambalo bahari haina. Kila mshiriki ana mwendo wake, na ukimchungulia kwa nadra kuliko mara mbili katika kila mzunguko wake, atavaa sura ya mwingine.

Ukishapata daftari lililojaa, anza kuhoji. Kwanza tafuta wastani wa vimo vyote na uutoe kwenye kila kimo, ili ubaki na kiasi ambacho maji yamepanda au kushuka kutoka hapo. Kisha uliza swali la kwanza: je, mwezi umo? Swali lenyewe ni mstari wa kosaini unaozunguka nyuzi 28.984 kila saa, kwa kuwa huo ndio mwendo wa mshiriki mkuu wa mwezi. Saa ya kwanza zidisha kimo kwa kosaini ya 28.984, saa ya pili kwa kosaini ya 57.968, na kuendelea mpaka mwisho wa daftari. Jumlisha yote. Gawanya kwa nusu ya idadi ya vipimo.

Kwa nini hili linafanya kazi? Tazama kinachotokea kwenye kuzidisha. Kama ndani ya maji kuna mtu anayekwenda sambamba na swali lako, basi swali likiwa juu naye yuko juu, chanya mara chanya. Swali likiwa chini naye yuko chini, hasi mara hasi, na jibu ni chanya tena. Kila saa inaongeza kitu na jumla inakua. Kama hakuna anayekwenda na swali, leo chanya, kesho hasi, na jumla inajifuta yenyewe mpaka karibu na sifuri. Swali moja linamwamsha mshiriki mmoja na kuwanyamazisha wengine wote. Nimelisoma jambo hili miaka mingi na bado linanisisimua: kuzidisha na kujumlisha tu, kazi ya darasa la nne, kunautenga mwezi na jua ndani ya ndoo ya maji.

Lakini kosaini peke yake haitoshi. Mshiriki anaweza kuwa amefika robo ya mzunguko baadaye, na hapo kosaini itapata sifuri ingawa yeye yupo na ana nguvu. Kwa hiyo rudia kazi yote kwa saini. Majibu mawili yakikaa pamoja, yapandishe kwa kipeo cha pili, yajumlishe, utafute kipeuo: hiyo ndiyo nguvu ya mshiriki, kwa mita. Uwiano wa majibu hayo mawili unakupa pembe, na pembe ni saa aliyofika.

Sasa rudi ubaoni, na uitazame tena ile alama:

X(f) = ∫ x(t) e^(−j2πft) dt

x(t) ni kimo cha maji katika wakati t. f ni masafa, yaani mizunguko mingapi kwa saa, na ndiyo swali lenyewe. Ile e yenye j ni kosaini na saini zilizofungwa pamoja, ili maswali mawili yaulizwe kwa mkupuo. Alama ndefu ya mbele ni kujumlisha bila kuruka hata sekunde, kwa kuwa bahari yenyewe hairuki. Wewe unaruka saa nzima kwa sababu una usingizi. X(f) ni jibu. Badilisha f, unauliza swali jingine. Hakuna kilichofichwa humo zaidi ya ulichokifanya kwa daftari.

Joseph Fourier hakuwa akifikiria bahari. Alikuwa mkuu wa jimbo la Isère huko Ufaransa, mtu aliyekuwa ameandamana na Napoleon hadi Misri mwaka 1798, na kilichomshughulisha ni joto linavyosambaa ndani ya chuma. Mwaka 1807 aliwaeleza wanahisabati wa Paris kwamba umbo lolote linaweza kujengwa kwa saini na kosaini, na Lagrange, mkubwa wao, hakukubali. Kitabu chake kilitoka 1822. Ilipofika miaka ya 1860, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliitumia njia hiyo kwa maji ya bahari, na mwaka 1872 alibuni mashine ya magurudumu na kapi ambayo iliwajumlisha washiriki upya na kuchora kujaa na kupwa kwa mwaka mzima ujao. Majedwali ya maji yanayotumika bandarini leo ni wajukuu wa mashine ile.

Fomula ina sharti moja gumu, na wengi hulipita haraka. Inataka ujumlishe tangu azali hata abadi. Ungeweza kufanya hivyo, kila mshiriki angeonekana kwenye mchoro wa masafa kama mstari mwembamba mno uliosimama wima, bila unene wowote. Wewe huna azali wala abadi, una daftari. Na daftari fupi hutoa kilima badala ya mstari. Daftari likiwa la siku mbili, kilima cha mwezi na kilima cha jua vinalaliana, na hutaweza kusema nani ni nani hata ukitumia kompyuta ya bei gani. Kuwatenganisha kunahitaji muda, na muda huo unahesabika: mwezi unazunguka nyuzi 28.984 kwa saa, jua nyuzi 30, tofauti ni nyuzi 1.016, na tofauti hiyo hutimiza mzunguko mzima baada ya saa 354, siku 14 na robo tatu. Hizo ndizo siku kati ya bamvua na bamvua. Mzee wa gatini alihesabu muda huo huo kwa vidole: mwezi na jua wanapokubaliana, bamvua, wanapopingana, maji mafu.

Kwa hiyo usishuke chini ya siku 15. Ukitaka pia kumtenga yule mshiriki wa pembeni wa mwezi, ongeza: anadai siku 27 na nusu. Wapo wanaodai nusu mwaka. Hakuna fundi wa hesabu atakayekupunguzia deni hilo. Kadiri maswali yanavyokaribiana, ndivyo unavyotakiwa kukesha zaidi, na kanuni hii ni ya redio, ya mashine za hospitali na ya minara ya simu vilevile. Ukimaliza, linganisha majibu yako na ya Zanzibar, ambako kipimo cha bandarini kimekuwa kikiandika tangu 1984. Kule mshiriki wa mwezi anapandisha maji zaidi ya mita moja juu ya wastani, na jua kama nusu ya hapo. Yako yakiwa mbali sana na hayo, kachunguze tundu la bomba.

Kwamba hesabu hizi zilikuwa jambo la kufa na kupona delta iliwahi kushuhudia. Septemba 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikono ya Rufiji. Ilihitaji kina cha zaidi ya mita tano, hivyo njia zake zilikuwa chache na saa zake zilikuwa za maji. Novemba mwaka huo Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba njia mojawapo. Walioimaliza Königsberg ni Severn na Mersey, meli bapa zilizohitaji chini ya mita mbili za maji. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915, zikarudi. Zilifaulu tarehe 11. Tarehe 11 ilikuwa siku moja kabla ya mwezi mpya, na tarehe 6 ilikuwa karibu na maji mafu. Sisemi bamvua ndiyo iliyoshinda vita. Lakini manahodha wa pande zote mbili walilazimika kuijua.

Ukitaka kuendelea, peleka bomba la pili ndani zaidi, kwenye mfereji wa katikati ya mikoko, usome saa zile zile. Utaona mwezi unachelewa kufika. Kuchelewa hakupunguzi nguvu kwenye hesabu. Kunageuza pembe tu. Nusu saa ya kuchelewa ni nyuzi 14.5 kwa mwezi, nyuzi 15 kwa jua. Hilo kwenye vitabu lina jina lake, nawe utakuwa umelipima kwa miguu yako.

Halafu jaribu swali ambalo mdomoni mwa mto halikupata jibu la maana: nyuzi 57.968 kwa saa, mshiriki wa saa 6 na dakika 13. Kule ndani atajitokeza. Hakutoka angani. Wanafunzi hufundishwa kwamba mfumo mnyoofu, ule ambao ukiongeza mara mbili kinachoingia basi kinachotoka nacho huongezeka mara mbili, hauwezi kutoa masafa ambayo hayakuingia. Unaweza kuyakuza, kuyapunguza, kuyachelewesha, basi. Mfereji wa delta hauko hivyo. Maji yakiwa mengi yana kina kimoja, yakiwa machache yana kingine. Yakipanda sana yanamwagika kwenye mikoko, yakishuka yanakwaruza tope. Matokeo yake kujaa na kupwa havilingani tena muda: kimoja kinakwenda haraka, kingine taratibu, na umbo la mfereji ndilo linaloamua ni kipi. Tofauti hiyo ndiyo mshiriki mpya. Ukimwona, umeambiwa na maji yenyewe kwamba mfumo si mnyoofu, na hakuna mhadhara utakaokuambia kwa uwazi zaidi.

Sasa panda hadi Umwe, kando ya Ikwiriri, upande wa juu kabisa wa somo hili. Simamisha boriti yako mtoni na uisome kutoka juu ya kingo, kwa sababu Rufiji ina mamba na viboko ambao hawajali elimu yako. Huku mpigo wa mara mbili kwa siku umeshafifia. Uliza swali la mwezi, jibu ni kimya. Mto unasukumwa na kitu kingine: mvua iliyonyesha mbali, ikashuka kwa Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Swali linalofaa hapa ni la mara moja kwa mwaka, na kwa kanuni ile ile ya deni, daftari lake ni la miaka.

Hata ukiwa nalo, majibu ya Umwe hayatafanana na ya Nyamisati, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Baharini kila mshiriki ni mstari mwembamba. Anaendeshwa na anga, na ukishamjua leo umemjua kwa miaka hamsini. Mto una kilima kipana. Mwaka upo, masika yapo, maji hupanda kati ya Machi na Mei. Lakini nguvu nyingine imesambaa kwenye masafa yote, bila kipindi, na iliyosambaa hivyo haitabiriki kwa kujumlisha kosaini. Wakulima wa bonde hili walijipanga kwa namna hiyo hiyo bila kuichora: mpunga wakati wa maji, kilimo cha mlau baada ya maji kurudi, na kibanda cha dungu kilichoinuliwa kwa mwaka ambao maji hayatarudi upesi. Mafuriko ya 1968 yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata serikali iliwahamishia watu wengi wa bondeni kwenye vijiji vya juu, ile Operesheni Rufiji. Masika ya 2024 maji yaliingia tena mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Hakuna jedwali la bandarini ambalo lingeitaja tarehe.

Na sasa juu ya mto kuna bomba lenye tundu, kubwa kuliko yote. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Kazi ya bwawa ni kushika maji ya masika na kuyatoa kiangazi, yaani kuupunguza ule mzunguko wa mwaka ambao mlau uliutegemea. Mwenye daftari la Umwe la kabla ya 2022 analo jambo la thamani. Asilitumie kuwashia moto. Aanze jingine leo, kwa boriti ile ile na mistari ile ile, ili X(f) ya kabla na ya baada ziwekwe kando kwa kando na watu wa bonde wajadili kwa namba zao wenyewe kiasi gani cha mafuriko wanachokihitaji.

Kwa aliyebaki Nyamisati kuna kazi moja zaidi. Chukua washiriki uliowapata, uwajumlishe tena mbele ya wakati, uchore maji ya mwezi ujao na kubandika mchoro gatini. Endelea kusoma chelezo. Kila siku toa ulichotabiri kutoka kwenye ulichokisoma, na kinachobaki kiandike kwa kalamu nyekundu kwenye safu yake. Humo utaukuta upepo wa kusi ukirundika maji, mto ukishuka kwa wingi, na zamu ambayo mwenzako alisinzia. Sentimita hizo chache hazina mwezi wala jua. Yaanzie hapo maswali yako ya mwezi wa pili.